Kipanya cha Plagi ya Duara

"Shangazi amezidiwa. Nenda sasa hivi."

Simu ikakatika.

Sindano aliiacha chai inatoa moshi, akanyakua koti, akatoka mbio. Maneno yale yalikuwa na maana moja tu. Treni iliyobeba bunduki za magendo zilizokamatwa imeuzwa, na aliyeiuza yumo kwenye chumba cha kuongozea treni.

Yeye na Mkuu wake aliyempigia walijua jambo moja zaidi. Dereva wa treni ile ni mdogo wake Sindano, kitinda mimba wa mama yao.

Chumbani aliwakuta watu wawili. Msimamizi, mzee mwenye filimbi shingoni, jasho linamtiririka. Na fundi wa kompyuta, Kipara, katulia tuli ukutani.

"Wewe ndiye wa makao makuu?" mzee aliuliza. "Mwanangu, tumekwisha! Tazama!"

Kwenye kioo cha kompyuta kuukuu, ramani ya reli ilionyesha taa ya kijani kuelekea machimbo ya mawe yaliyofungwa zamani. Alama ya treni ilikuwa inasogea.

"Nani kageuza njia?"

"Sijui! Nimetoka msalani nakuta hivi. Nataka kuirudisha, kipanya hakisogei!"

"Mwite dereva kwa redio."

"Yuko kwenye handaki, redio haishiki. Akitoka tu, njia panda hii hapa."

Sindano aliwajua wanunuzi wa bunduki. Huko machimboni hakuna atakayeachwa hai asimulie.

Kipara akakohoa. "Dada, mashine ya zamani hiyo, imechoka. Tuizime tuiwashe tena, basi."

"Inawaka haraka?"

Mzee akafyonya. "Haraka? Hiyo ukiiwasha unaenda kunywa chai, unarudi bado inajifikiria!"

Sindano akakipindua kipanya. Taa yake ya chini imezimika. Akainama nyuma ya mashine. Plagi ni ile ya duara, yenye pini ndogo ndani. Imekaza, waya mzima. Vumbi limejaa kila mahali isipokuwa kwenye plagi hiyo.

"Kuna aliyekichomoa?"

"Wala," Kipara alijibu upesi. "Nimekaa hapa muda wote. Hakuna aliyegusa."

Mwongo mkubwa!

Vipanya vya plagi ya duara ndivyo vilivyo. Ukikichomoa mashine ikiwa inawaka, hata ukikirudisha papo hapo hakiamki mpaka uizime na kuiwasha upya. Kipara aligeuza njia, akachomoa, akachomeka, ili kionekane kimejifia. Sasa alikuwa anangoja wao wenyewe waizime mashine, treni ijipitie.

Nyuma ya Sindano, zipu ilifunguka taratibu.

Hakugeuka. Angegeuka angemuwahi fundi, lakini mdogo wake angekuwa ameshapita njia panda. Aliogopa, na hakuona aibu kuogopa.

Akabonyeza Shift, Alt na Num Lock kwa pamoja. Kidirisha kikauliza. Akakubali. Sasa namba za pembeni mwa kibodi zilikuwa zinausogeza mshale.

Sita, kulia. Nane, juu. Mshale ulikuwa unatambaa kwa uvivu wa kuudhi.

"Acha hiyo."

Sauti haikuwa tena na "dada" ndani yake. Mdomo wa bastola ulimgusa kisogoni, wa baridi.

"Usithubutu, mwanangu," mzee alinong'ona, na hakuna aliyejua anamwambia nani.

Sindano akabonyeza tano, namba ya kubofya.

Taa ya kijani ikahama. Macho ya Kipara yakaifuata, kufumba na kufumbua tu. Yalitosha. Kiwiko cha Sindano kikamzama fundi mbavuni. Risasi ikachana bega la koti, ikatoboa dari. Sindano akang'oa kipanya, akamfunga fundi mikono kwa waya uleule. Bastola yake mwenyewe, Beretta, haikutoka hata kwapani.

Redio ikakoroma. "Chumba, nimetoka handakini. Njia kuu kijani. Nipite?"

Ilikuwa sauti ya mdogo wake. Sindano akamtazama mzee, akamsogezea redio.

"Pita, baba," mzee akasema. "Pita."

Simu ya Kipara ikatikisika. *Imeingia?*

Sindano akaifungua kwa kidole cha fundi mwenyewe, akajibu: *Imeingia. Njooni wote.* Kisha akampigia Mkuu.

"Shangazi amepata nafuu. Wageni wanaelekea machimboni."

"Askari wanaondoka sasa."

Alikuwa ameshafika nje simu yake ilipoita. Mama.

"Una habari na mdogo wako? Moyo unanienda mbio tangu asubuhi."

"Yuko njiani, Mama. Anakuja."

"Haya, alhamdulillahi. Na wewe, hiyo biashara yako ya wino wa printa?"

"Leo imeenda vizuri."

Akalivua koti, akalikunja tundu la risasi likabaki ndani, akavuka barabara polepole.