Maziwa ya Jumapili

Bomani, katikati ya mji wa Tarime, hakuna aliyehitaji kuelezwa sheria ya mbwa. Mtu akimlisha mbwa kwa mkono wake, mbwa huyo ni wake. Na mbwa akichafua mahali, aliyemlisha ndiye anayeshika jembe na ndoo. Wenyeji walizaliwa wakaikuta. Wageni waliofuata dhahabu walijifunza upesi. Wazee wa mtaa waliwahi kumtoza mfanyabiashara mmoja, akiwa na suti na tai yake, adhabu ya kuzoa mfereji mbele ya duka la jirani, kwa sababu tu alizoea kumtupia mifupa mbwa asiye na mwenyewe.

Felistas Awino aliijua sheria hiyo vizuri, kwa kuwa baba yake, Mzee Oduol, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, ndiye aliyesimama na bakora pembeni ya mfereji ule mpaka kazi ikaisha.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo kila kilima cha Tarime na Serengeti kilitobolewa, na simu za mkononi zilikuwa zimeanza kulia hata ndani ya mashimo. Felistas aliuza katika duka la dawa za mifugo la Bwana Waitara, karibu na soko. Siku ya gulio duka lilijaa hadi mlangoni: huyu anataka dawa ya kupe, yule anataka chumvi ya ng'ombe, wa tatu anabishana juu ya bomba la kunyunyizia. Felistas alivaa gauni la kitenge cha bluu na koti jeupe la kazi juu yake, nywele amezisuka mistari ya kulala, na alihudumia watu watatu kwa wakati mmoja bila kupandisha sauti.

Ndipo alipoingia kijana mrefu, mabuti yamejaa udongo mwekundu, amevaa koti la jinzi na kulifunga vifungo vyote hadi shingoni, juani. Tumbo la koti lilikuwa likitikisika.

“Dada, habari za kazi?”

“Nzuri. Karibu. Ng'ombe, mbuzi au kuku?”

“Mbwa.”

Watu wakacheka. Felistas hakucheka.

“Ana nini?”

“Kila kinachoingia kinatoka.”

“Kwetu sote ndivyo ilivyo, kaka.”

“Cha huyu kinatoka kabla hajamaliza kumeza.”

Hapo Felistas alishindwa kujizuia, akacheka. Kijana akafungua koti. Ndani alikuwamo mbwa mchanga, rangi ya majivu, mbavu zinahesabika, tumbo limevimba kama mpira, na harufu yake iliwafanya wateja wawili wakumbuke kwamba walikuwa na safari nyingine sokoni.

“Nimemtoa katika shimo lililoachwa, huko Mbalibali,” alisema. “Mama yake sikumwona. Jina lake Karasha.”

“Mbwa unampa jina la mashine ya kusaga mawe?”

“Niliona anatafuna kila kitu. Sikujua kwamba tumbo halisagi chochote.”

Bwana Waitara, aliyekuwa bwana mifugo wa serikali kabla hajastaafu na kufungua duka, alimlaza Karasha juu ya gazeti, akambonyeza tumbo, akamfunua fizi. Kisha akatoa maagizo yake taratibu, kama kawaida yake. Dawa ya minyoo. Maji yaliyochemshwa, yenye chumvi kidogo na sukari kidogo. Wali laini na nyama ya kuku ya kuchemshwa, isiyo na mafuta, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku.

“Na maziwa ni marufuku,” alimalizia. “Maziwa ya ng'ombe yatammaliza.”

Duka zima lilinung'unika. Katika nchi ya wafugaji, maneno kama hayo ni karibu na matusi.

“Kitoto kisinywe maziwa?” alisema mama mmoja mwenye kikapu. “Waitara, umezeeka.”

Kijana, ambaye jina lake lilikuwa Mabula Ngeleja, Msukuma wa Shinyanga, alikuwa na shida nyingine. Kule alikopanga na wachimbaji wenzake kulikuwa na madimbwi ya maji yenye zebaki mbele ya kila mlango. Karasha angeyanywa siku ya kwanza. Alisimama akizungusha kofia yake mikononi, haondoki.

“Niachie,” Felistas alijikuta akisema. “Lakini elewa: mimi simchukui. Namtunza tu mpaka apone. Mwenye mbwa ni wewe, na chakula utaleta wewe.”

“Mchele nitaleta. Mkono wa kumlisha utakuwa wa nani?”

“Wangu.”

“Sheria inatazama mkono, binti yangu,” alisema Bwana Waitara, bila kuinua macho.

“Basi na uchafu utakuwa wangu,” akajibu Felistas.

Nyumbani Mzee Oduol aliusikiliza mkataba huo akiwa ameketi wima, mikono juu ya magoti. Tangu mkewe alipofariki alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo yalikuwa mazito.

“Mbwa atakaa katika jiko la zamani. Mimi sitamgusa. Na huyo mchimbaji usimzoee, nyathina, mwanangu. Leo yuko Mbalibali, kesho utasikia dhahabu imeonekana kwingine, naye yuko huko. Mtu wa namna hiyo humpikii, kwa sababu hujui kama atarudi kula.”

Mabula alirudi Jumapili, baada ya ibada. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama, na mabuti yale aliyasugua mpaka rangi yake ya kwanza ikaonekana. Mkono mmoja alishika mfuko wa mchele. Mwingine kibuyu cha maziwa, kwa ajili ya mzee, maana kwao haingii mtu mikono mitupu katika nyumba ya wazee.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba,” alijibu Mzee Oduol. Akakipokea kibuyu, akaingia ndani nacho.

Jumapili iliyofuata alikuja tena, na nyingine tena. Felistas na Mabula waliketi juu ya vigoda mbele ya jiko la zamani, Karasha akiwa katikati yao juu ya matambara. Mabula alieleza jinsi alivyomsikia mbwa akilia chini ya ardhi na wenzake wakadai ni shetani. Felistas alimweleza juu ya mama yake. Siku za kazi ilikuwa simu.

“Haloo, Mama Karasha.”

“Nani kakwambia mimi ni mama yake?”

“Nani anamchemshia kuku? Mimi mwenyewe sijachemshiwa kuku tangu nije Mara.”

“Wewe tumbo lako linasaga.”

“Moyo ndio hausagi, Felistas. Kitu kimekwama humo.”

“Meza dawa ya minyoo.”

Alicheka sana, na nyuma yake zikasikika karasha za kweli zikinguruma.

“Jumapili unanisubiri?”

“Nausubiri mchele,” alisema, akakata simu, akabaki ameishika mkononi akitabasamu peke yake.

Lakini ugonjwa ulikuwa na tabia ya ajabu. Katikati ya wiki Karasha alinenepa, alibweka, aliuma pindo za gauni. Jumatatu alikuwa amelala chini, tumbo limefura, matambara yote hayafai. Felistas alifua, akasugua sakafu, akaanza upya na maji ya chumvi na sukari. Bwana Waitara alitikisa kichwa: kuna kitu anapewa.

Jumapili moja Felistas alitoka kuteka maji akamkuta Mabula amesimama mlangoni mwa jiko la zamani, peke yake, na Karasha miguuni pake anajilamba. Kwenye ndevu za mbwa yule kulikuwa na maziwa.

Ndoo ilianguka.

“Kwa hiyo ni wewe.”

“Felistas—”

“Bwana Waitara alisema mbele yako! Mimi nakesha na mbwa, nafua mavi kila Jumatatu, kumbe wewe unakuja kumnywesha maziwa ili aonekane anakupenda?”

Mabula alifungua mdomo. Akatazama upande wa dirisha la nyumba kubwa, kisha akatazama ukuta.

“Unaniona mimi ni mtu wa namna hiyo?”

“Katika boma hili, nani mwingine analeta maziwa?”

“Maziwa naleta mimi,” alisema polepole. “Hilo ni kweli.”

“Basi usije tena. Nitampigia simu Bwana Waitara akupe habari mbwa akipona, au akifa.”

Mabula akavaa kofia yake. Akainama, akampapasa Karasha kichwani, akamwinamia kidogo na mzee dirishani, kama mtu anayeaga nyumba nzima, akaondoka. Simu haikulia tena. Felistas alijiambia kwamba baba yake alisema kweli, na kila jioni aliiweka simu karibu na sahani yake.

Jumapili ya kwanza bila Mabula ilipita, na Jumatatu Karasha alikuwa hoi. Felistas alidhani ni mabaki ya ugonjwa wa zamani. Jumapili iliyofuata alitoka kwaya mapema, akamkuta mbwa amelegea kama kitambaa, fizi nyeupe, nyuma yake kuna damu. Hakuita mtu. Alimfunga katika kanga yake ya kanisani, akakimbia naye hadi nyumbani kwa Bwana Waitara, viatu vya kisigino mkononi.

Bwana Waitara alimchoma mbwa sindano ya maji chini ya ngozi, akasubiri, akamnusa mdomo.

“Amekunywa maziwa. Si jana. Leo.”

“Leo? Mabula hajaja wiki mbili.”

“Mimi sikutaja mtu, binti yangu. Nimetaja maziwa. Mwache hapa. Akiiona kesho, atapona, mradi huo mkono uzuiwe.”

Felistas alirudi akitembea bila viatu, na njia nzima hakuhisi mawe. Alipopita lango alisikia sauti nyuma ya nyumba, ikiita kwa Kijaluo, sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu akiwa mtoto mwenye homa.

“Bi, nyathina. Njoo. Karasha, mjukuu wangu, njoo unywe yaliyobaki.”

Mzee Oduol alikuwa amepiga magoti mlangoni mwa jiko la zamani, katika koti lake jeusi la ibada, ameshika bakuli la bati lenye maua mekundu. Lilikuwa bakuli la marehemu mkewe.

“Baba.”

Mzee hakuinuka. Aliliweka bakuli chini, taratibu, lisimwagike.

“Yuko wapi?”

“Kwa Bwana Waitara. Anakufa, Baba.”

“Mama yako alilea ndama wote waliokataliwa na mama zao kwa bakuli hili,” alisema. “Hakufa hata mmoja. Kitoto kinalia njaa katika boma langu, mimi nikinyime maziwa? Nilidhani marufuku ile ni maneno ya dukani. Kijana alipoacha kuleta, nikawa nanunua mwenyewe kila Jumapili nitokapo kanisani.”

“Mbwa si ndama.”

“Sasa najua.”

Felistas alishika mwimo wa mlango. “Na Mabula?”

“Alinikuta hapa siku ile, bakuli mkononi. Alinisalimia. Nikaingia ndani.” Mzee alisogeza bakuli kando. “Nilisikia yote uliyomwambia, nyathina. Nilikuwa dirishani. Yeye alinitunzia heshima, nami nikaichukua nikakaa nayo kimya.”

Felistas alipiga simu akiwa amesimama uani, vumbi la safari bado miguuni.

“Haloo?”

“Baba Karasha.”

Mngurumo wa mashine ukasogea mbali, kama mtu anayetoka kando.

“Yupo hai?”

“Yupo. Mabula, ulimwona Baba.”

“Niliona bakuli.”

“Kwa nini hukusema?”

“Ningesemaje? Nije katika nyumba ya watu kutafuta mke, halafu nianze kwa kumshitaki mwenye nyumba kwa binti yake? Kwetu mtu huyo anaonyeshwa njia ya kutokea.”

“Heshima yako ilitaka kumuua mbwa. Ungemnong'oneza hata Bwana Waitara.”

“Hilo ni kosa langu. Hasira ilinifunga akili.”

“Na langu ni kubwa zaidi. Nisamehe.” Alivuta pumzi. “Umesema kutafuta nini?”

“Mtandao huku ni mbaya.”

“Mtandao ni mzuri kabisa, Mabula. Rudia.”

“Nitarudia nikiwa huko,” alisema, na Felistas akasikia kwamba anatabasamu.

Karasha aliiona kesho, na kesho kutwa, na mwisho wa wiki akaiba kiatu cha Bwana Waitara. Jumapili Mabula alipoingia langoni na shati lake jeupe, alikuta watu uani. Alikuwapo Magige, kiongozi wa wazee wa mtaa, amekaa kwenye kiti. Alikuwapo Bwana Waitara, mbwa mapajani. Mzee Oduol mwenyewe ndiye aliyewaita. Alikuwa amekunja mikono ya shati na suruali, mbele yake beseni la matambara, ndoo na jembe.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Simama hapo usikie.” Aliongea kama aliyekuwa mbele ya darasa. “Nilimlisha mbwa huyu kwa mkono wangu. Mbwa ni wangu na uchafu wake ni wangu. Kijana huyu alisingiziwa katika boma langu, nami nilikuwa nikiujua ukweli. Nasema mbele yenu kwamba hakufanya kosa. Mimi ndiye niliyelifanya, na nililifanya mara mbili: kwa bakuli, na kwa kunyamaza.”

Akaingia katika jiko la zamani, akaikwangua sakafu yote, akabeba ndoo mpaka shimoni, akarudi, akapiga magoti mbele ya beseni na kuanza kufua. Hakuna aliyecheka. Magige aliegemea bakora yake, ameangalia chini.

Mabula alishindwa. “Mzee, naomba nikusaidie.”

“Usishike! Ukishika umekuwa mwenye mbwa, na mbwa nimekwisha kusema ni wangu.”

“Sasa kama mbwa ni wako, mzee,” alisema Mabula, akimtazama Felistas, “mimi Jumapili nitakuja hapa kutafuta nini?”

“Ulisema utarudia,” alisema Felistas. Alivaa gauni lile la kitenge cha bluu, safari hii bila koti la kazi. “Rudia.”

Kijana alimgeukia mzee. “Natafuta mke. Namtafuta Felistas, kama atanikubali.”

“Nimekubali tangu siku ya koti la jinzi. Muulize mwenye boma.”

Mzee Oduol alikamua tambara mpaka tone la mwisho.

“Njoo na wazee wako kutoka Shinyanga,” alisema. “Wakija tutawapikia. Maziwa yaache huko huko Mbalibali.”

Akainuka, akalianika tambara la mwisho juu ya kamba, akaimwaga ndoo, akaifudikiza juu ya jiwe. Magige aliiangalia sakafu, akaiangalia kamba, akatikisa kichwa kukubali.

“Adhabu imelipwa,” alisema. Karasha akaruka kutoka mapajani mwa Bwana Waitara, akaenda kulala juu ya miguu ya Mzee Oduol iliyokuwa bado imelowa.