Siku Nne Nilizoongeza

Kila siku baada ya chakula cha jioni nilikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwingine aliyeifanya. Nilishusha makopo mawili kutoka juu ya kabati, nikafungua la kwanza, nikatoa kifungo kimoja cha shati na kukitia katika la pili. Kopo la kwanza lilikuwa la siku zilizobaki. La pili lilikuwa la siku zilizopita. Mama mkubwa, dada yake mama, aliniuliza swali lilelile kutoka kitandani: "Vimebaki vingapi, karani wangu?"

Nilimtajia idadi, naye akajibu, "Haya, bado tupo tupo."

Nchi ile haikuwa yetu. Mama mkubwa ndiye aliyeihamia zamani, akashona nguo za watu mpaka vidole vikapinda. Kisha siku moja aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Hakuwa na mume wala mtoto, kwa hiyo mama alifunga safari kwenda kumuuguza. Baba na kaka zangu walibaki nyumbani. Mimi nilichukuliwa kwa sababu ndimi mdogo, na mdogo haulizwi. Tuliambiana tutakaa miezi mitatu. Huo ulikuwa mwezi wetu wa tisa huko, na Mama mkubwa alikuwa bado hawezi kushuka kitandani bila kushikwa.

Shida ni kwamba sisi tulikuwa wageni, na mgeni aligongewa muhuri wa siku tisini tu. Zilipokaribia kwisha tulipanda basi saa mbili nzima hadi mpakani. Tuligongewa muhuri wa kutoka, tukavuka daraja kwa miguu, tukakaa kwenye benchi upande wa pili tukila mkate, halafu tukarudi kugongewa muhuri mwingine wa siku tisini. Mtu na akili zake anasafiri kutwa nzima kwenda kukaa kwenye benchi! Lakini ndivyo ilivyokuwa, na tulikwenda siku zilipobaki moja au mbili tu, maana mama hakupenda kuzipoteza bure.

Tarehe zenyewe zilikuwa ndani ya pasipoti. Pasipoti nazo zilikuwa chini kabisa ya sanduku la mama, ndani ya mifuko miwili ya plastiki, kwa jinsi alivyoogopa zisipotee. Ndiyo maana Mama mkubwa akabuni hesabu ya vifungo. "Kalenda inachanika, simu inazimika," alisema, "lakini vifungo ninavyo vya kuhesabia miaka mia."

Shuleni hawakunichukia. Hilo niliseme wazi. Hawakunipiga wala kunitukana, ila walicheka kidogo nilipotamka maneno kwa lafudhi yangu, kisha wakaendelea na mambo yao. Waliniita Mgeni. Wakati wa mapumziko nilikaa kwenye ngazi za maktaba na kufungua kitabu, si kwa kusoma, bali ili nionekane nina shughuli. Kuna siku nilirudi nyumbani nikagundua kwamba tangu asubuhi nilikuwa nimesema neno moja tu, "nipo", wakati mwalimu anaita majina. Usiku huo nilimkumbuka baba mpaka tumbo likaniuma. Kwa mama nilisema ni maharage.

Basi Jumatano moja msichana aliyekaa mbele yangu aligeuka. Wote walimwita Kicheko kwa sababu hakuweza kutulia dakika mbili bila kucheka. "Wewe Mgeni," aliniambia, "Jumamosi tunapaka rangi chumba changu. Kila rafiki yangu atachovya mkono kwenye rangi na kuuchapa ukutani. Utakuja?"

Nilitazama nyuma nione kama anasema na mtu mwingine. Hakukuwa na mtu. "Nitakuja," nilisema.

Alhamisi jioni nilishusha makopo. Nilipohamisha kifungo cha siku hiyo, katika kopo la kwanza vilibaki viwili. Ijumaa na Jumamosi. Jumamosi ileile ningekuwa kwenye benchi ng'ambo ya daraja, nikila mkate mkavu, na ukuta wa Kicheko ungejaa mikono ya watu wote isipokuwa wangu.

Ningeweza kumwambia mama. Lakini mama alikuwa jikoni anafua shuka kwa mara ya pili siku hiyo, na kila alipoinuka alishika kiuno. Nani angethubutu kumwambia habari za kuchapa mkono ukutani? Nilichukua vifungo vinne kutoka kopo la pili, nikavirudisha katika la kwanza. Sikusita hata kidogo, na mpaka leo jambo hilo linaniaibisha.

"Vimebaki vingapi, karani wangu?" Mama mkubwa aliuliza.

"Sita," nilisema, macho makavu.

"Sita?" mama alipaza sauti kutoka jikoni. "Mbona mimi kichwani nina Jumamosi hii?"

"Kichwa chako kimejaa mapovu ya sabuni," Mama mkubwa alimtania. "Mtoto kahesabu."

Mama alicheka, akasema basi tutakwenda Jumanne, tusisubiri kifungo cha mwisho. Nami Jumamosi nilikwenda kwa Kicheko. Nilichagua rangi ya buluu. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na kwa saa tatu nzima sikuwa mgeni wa mtu yeyote. Jioni, nilipokuwa nikinawa, ndipo lilipoanza kunijia wazo la Jumanne. Nililifukuza. Siku tatu ni nini? Nani atazihesabu?

Walizihesabu, tena bila kutumia vifungo.

Afisa wa mpakani alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo shingoni. Alifungua pasipoti ya mama, akaangalia muhuri, akaangalia kompyuta, akavua miwani. "Mama, mmepitiliza siku tatu. Mlitakiwa kutoka Jumamosi. Naomba mnifuate ndani."

Ndani kulikuwa na meza ya chuma, viti viwili na saa ya ukutani iliyopiga kelele. Tulikaa hapo saa moja, kisha ya pili. Jirani yetu msusi alikuwa amekubali kumwangalia Mama mkubwa mpaka saa nane mchana tu, kwa sababu saa hiyo hufungua saluni yake. Saa ya ukutani ilifika saa nane na robo. Mama alikuwa anakunja na kukunjua ukingo wa mtandio wake. Afisa aliporudi aliweka karatasi mezani.

"Andika sababu ya kuchelewa," alisema. "Nitakueleza ukweli ili usije ukanilaumu. Anayepitiliza kwa uzembe hunyimwa ruhusa ya kuingia mwaka mzima. Mkubwa wangu ndiye atakayeamua, na ataamua kwa karatasi hii."

Mwaka mzima! Nilimwona Mama mkubwa kitandani, peke yake, mwaka mzima.

"Ni kosa langu," mama alisema kwa sauti ndogo. "Tunahesabu siku kwa vifungo. Wiki iliyopita nilitoa vifungo kwenye makopo kwa ajili ya koti la mlinzi wa jengo letu, halafu nikarudisha vingine. Bila shaka nilivitia kopo silo. Mtoto alihesabu vizuri tu. Mimi ndiye niliyeharibu." Kisha alinigeukia, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nisamehe, mwanangu. Nimekuingiza kwenye balaa."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Njia ilikuwa imefunguka mbele yangu, pana kabisa. Nilihitaji kunyamaza tu. Hakuna binadamu aliyeniona siku ile ya Alhamisi, na mama mwenyewe alikuwa amekwisha kuokota kosa langu na kulivaa. Alichukua kalamu, akaandika: *Kwa uzembe wangu.*

"Si yeye," nilisema. "Ni mimi. Niliongeza vifungo vinne makusudi."

Afisa alinitazama juu ya miwani. "Binti, kumtetea mama ni jambo jema, lakini hapa hatudanganyi."

Yaani siku niliyoamua kusema kweli ndiyo siku nisiyoaminika! Nililia, na katika kulia kule nikamwaga yote: ngazi za maktaba, neno "nipo", Kicheko, ukuta. Nilimwonyesha kucha zangu, ambazo bado zilikuwa na rangi ya buluu pembeni. "Nifungie mimi nisiingie, usimfungie mama," nilisema. "Mama mkubwa hawezi kuamka kitandani. Saa hii yuko peke yake. Hakuna wa kumpa maji."

Mama aliniangalia tu, na hilo liliniuma kuliko kofi.

Lakini afisa alikuwa ameacha kunitazama mimi. "Mgonjwa? Mgonjwa gani? Mara zote tatu mlizoingia, mama, umejaza 'matembezi'."

Mama aliinamisha kichwa. "Niliambiwa nikitaja mgonjwa mtaniuliza maswali mengi."

"Kuuliza maswali mengi ndiyo kazi yangu!" afisa alisema, nusu amekasirika, nusu anataka kucheka. "Kipo kibali cha mwaka mmoja kwa anayemuuguza ndugu. Barua ya daktari, kitambulisho cha mgonjwa, basi. Mngekiomba tangu mwanzo msingekuwa mnakuja hapa kila mara kutembelea benchi."

Alichukua karatasi ya mama, akaichana, akampa nyingine. Safari hii mama aliandika kila kitu kama kilivyokuwa: vifungo vyangu, nyonga ya dada yake, na matembezi ambayo hayakuwa matembezi. Mkubwa wa zamu aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Alisema kosa ni kosa, na onyo litaandikwa katika kumbukumbu zetu. Hata hivyo, kwa kuwa ni mara ya kwanza na maelezo yamenyooka, turuhusiwe kuingia kwa siku thelathini tu, na ndani ya siku hizo tulete maombi ya kibali. Tusipoleta, tusitafute huruma yake tena. Tulivuka daraja, tukageuka palepale, hata kwenye benchi hatukukaa.

Ndani ya basi mama aliniambia sentensi moja tu: "Nilikuomba msamaha mbele ya watu." Nilisema nisamehe, mama. Alitazama dirishani, kisha akauvuta mkono wangu, akauweka juu ya paja lake.

Tulifika nyumbani saa kumi na mbili jioni. Mama mkubwa alikuwa ameegemea ukuta, midomo imekauka. Kikombe chake kilikuwa sakafuni na maji yalikuwa yamemwagika mbali, mahali asipoweza kupafikia. Tangu saa nane alikuwa anakitazama. "Nilidhani mmenikimbia," alisema, akajaribu kutabasamu. Mama alikwenda kuleta maji, nami nikapiga magoti kando ya kitanda nikamweleza. Sikuruka kitu. Nilisubiri anifokee.

Alikunywa kwanza, polepole, mpaka tone la mwisho.

"Huko kuchapa mkono kulikuwa Jumamosi?" aliuliza.

"Ndiyo, Mama mkubwa."

"Na Alhamisi ulikuwa nyumbani hapa?"

"Ndiyo."

"Basi kwa nini hukusema? Mngekwenda mpakani Ijumaa. Siku tisini ni mwisho, mwanangu, si ahadi. Hakuna aliyekatazwa kwenda mapema."

Ijumaa! Ningekosa shule siku moja tu. Ningesema maneno mawili, na tungerudi Ijumaa jioni na mihuri yetu mipya, na Jumamosi ningechapa mkono wangu kwa moyo mweupe. Uongo wote ule, na saa zote zile ambazo mgonjwa alikaa na kiu, havikuwa na kazi yoyote.

"Hukuniibia vifungo," Mama mkubwa aliendelea, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Ulituibia nafasi ya kukusaidia. Kutaka rafiki si kosa. Kosa ni kuamua peke yako kwamba hakuna atakayekusikiliza, halafu ukadanganya watu ambao wangekusikiliza. Mama yako naye kafanya hivyohivyo mpakani, miezi tisa. Mnafanana. Jambo likikubana, liseme kwanza kama lilivyo. Mkikataliwa, angalau mtakataliwa kwa kweli."

Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na jagi, alisema taratibu, "Umesikia? Na mimi nimesikia."

Wiki mbili baadaye kibali kilitoka, kwa barua ya daktari na kurasa nne ambazo mimi ndiye niliyezijaza na mama akazisoma mara tatu. Lakini jioni ile hatukuwa tunajua kama kitatoka. Mama alirudi jikoni, nami nikainuka kwenda kulala bila kula, kwa sababu sikuona kama nilistahili chakula.

"Unakwenda wapi?" Mama mkubwa aliuliza. "Nimekaa peke yangu tangu saa nane. Miezi tisa nakuuliza habari za vifungo, habari zako sijauliza. Hilo ni kosa langu mimi. Vuta kiti. Hizo ngazi za maktaba, unakaa ya ngapi?"

"Ya tatu," nilisema, nikivuta kiti.

"Haya," alisema, akasogea kidogo kunipa nafasi ya kuweka viwiko. "Anzia hapo."