Mtu wa Barafu Kikombeni mwa Jabez

Nilikuwepo. Anayebisha aende Burslem, mji wa wafinyanzi kule Uingereza, akaulize nani alikaa karibu na jiko la Jabez kuliko wote. Ataambiwa ni mimi.

Kisa kilianza na chai kupoa.

Zillah Tunnicliff alikuwa mbandikaji wa picha katika kiwanda cha vyombo vya udongo. Mumewe, Jabez, alizichapa kwa wino wa buluu kwenye karatasi laini. Zillah akazilaza juu ya chombo, akasugua, akaosha karatasi, picha ikabaki. Mwaka ule watu walizililia sahani za nchi ya barafu: meli iliyonasa, mbwa, wanaume watano wakivuta kigari thelujini. Siku moja picha ikazidi kisahani, Zillah akapunguza pembeni, na mwanamume wa mwisho akakatwa na makasi, akaanguka. Jabez akamwokota, akambandika peke yake ndani ya kikombe chake, chini kabisa, kikachomwa tanurini.

"Nikimaliza chai ananisalimia," alitamba.

"Jabez, umemtenga na wenzake. Ona alivyonuna!"

"Mbona mama yako hununa hivyo hivyo na bado tunamkaribisha?"

Basi chai, iliyotoka jikoni ikichemka, ikawa inapoa kabla haijafika mdomoni. Ikafuata harufu ya sufu iliyolowa na mafuta ya samaki. Kisha, mchana kweupe, matanuri ya mji mzima yakinguruma, Jabez akaanza kutetemeka, kucha zikageuka buluu, buluu ile ile ya wino, na kila Zillah alipokiinamia kile kikombe alisikia mbali huko chini nyayo zikivunja kitu kigumu, kruu, kruu, na mtu akihema, na alipotazama vizuri akaona yule wa chini kabisa amefika katikati ya ukuta wa kikombe, anapanda, uso ameuinua.

Zillah akakichukua, akakimbilia kwa Bibi Hulda, mganga wa mtaa. Bibi hakukubali hata kukishika kikombe.

"Mrudishe kwa wenzake," alinong'ona.

"Ameshapita motoni, bibi. Picha ikichomwa haibanduki tena."

"Basi usikivunje, mwanangu. Humo angalau mnajua aliko."

Zillah aliporudi, Jabez alikuwa kitandani, ndevu zimeganda, midomo haifunguki, na yule mtu wa barafu ameshika ukingo wa kikombe kwa mikono miwili. Angefanya nini? Akakibamiza sakafuni.

Kikapasuka vipande.

Akapiga magoti, akageuza vigae kimoja kimoja. Vyeupe vyote. Kwenye kigae cha ukingo tu palikuwa na nyayo ndogo za buluu, zinatoka nje.

Hapo Jabez akafumbua macho. "Zillah," akasema, "nipe chai ya moto."

Yote hayo niliyaona. Ila hilo la Jabez kufumbua macho na kuomba chai nimelitia mimi, maana kila ninaposimulia, Zillah hukaa pale, kajifunika blanketi, anasubiri nifike hapo.