Kaka Alisema Sielewi Kitu

"Huyu haelewi kitu, daktari. Tangu azaliwe yuko hivi hivi."

Aliyesema hayo ni kaka yangu wa tumbo moja. Na mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nasikia kila neno.

Daktari akanitazama. "Hata jina lake halijui?"

"Hata jina."

Nikafungua mdomo nijibu... ikatoka sauti kama ya mtu anayekabwa. Mkono ukaruka, ukapiga kopo la kalamu mezani. Kaka akaziokota moja moja, kisha akasema kwa upole kabisa:

"Umeona?"

Daktari akaandika.

Jamani, ngoja niwaambie mimi ni nani, maana siku ile sikupewa nafasi.

Nina miaka thelathini na minne. Nina mtindio wa ubongo. Miguu haijawahi kunibeba, mikono ina mambo yake, ulimi mzito. Akili iko sawa. Shida ni kwamba nikiogopa, mwili wote unakakamaa kama ubao na maneno yanagoma kutoka. Yaani siku ninayohitaji sana kusema ndiyo siku nisiyoweza kusema.

Kazi yangu ni kuchapa. Niko kwenye duka la steshenari mtaani kwetu. Maombi ya kazi, kadi za harusi, malalamiko kwa mwenye nyumba, yote yanapita kwangu. Natumia kidole kimoja tu cha mkono wa kushoto. Polepole, ila sikosei. Mtaa mzima unaniita Karani.

Na mtaa huo ndio ulionilea. Mama alifariki nikiwa na miaka kumi na miwili, baba simjui. Fundi seremala akanichongea kiti, na kila nilipokua akachonga kingine. Wenzangu wa darasani walipokezana kunisukuma hadi shule. Na jirani yetu, fundi wa kushona nguo, akanichukua nyumbani kwake. Namwita Mama Cherehani. Ameniogesha, amenivisha, ameninyanyua kitandani na kuniweka kwenye kiti. Kila asubuhi, miaka ishirini na miwili.

Kaka anaishi mji mwingine. Huja mara mbili kwa mwaka.

Safari hii alikuja na gari, akasema ananipeleka kupimwa mgongo. Simu yangu akaiweka mfukoni mwake, "isije ikadondoka."

Kumbe tulikuwa tunaenda kwenye kituo cha kulelea watu wasiojiweza. Yule daktari alikuwa wa pale. Kaka akasaini, akanishika bega, akaondoka bila kunitazama usoni.

Siku tisa.

Chumba kilikuwa na vitanda sita. Mhudumu hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa na watu ishirini wa kulisha, basi alinilisha nikiwa nimelala chali. Mimi nikilishwa hivyo napaliwa. Nikamwambia, "Niinue." Nikarudia. Nikarudia tena...

"Tulia, mtoto mzuri," akasema, akaleta kijiko kingine.

Nikalia. Wakaandika kwamba nina homa.

Mnajua inavyokuwa, unaongea lugha yako mwenyewe na kila mtu anasikia kelele? Mtaani kwetu hata watoto wa chekechea wananielewa. Pale nilikuwa mzigo unaopumua. Siku ya sita niliacha kujaribu, na wakanisifu kwamba nimetulia.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, nikasikia sauti ninayoijua.

"Karani wetu yuko wapi?"

Ni bosi wangu wa steshenari, na nyuma yake fundi seremala. Walikuwa wamembana kaka kwa simu hadi akataja kituo. Fundi hakunisalimia hata. Alitazama kiti nilichowekwa, akasema:

"Hiki kinamuumiza kiuno. Nani amemkalisha hivi?"

Msimamizi wa kituo akaja. "Nyie ni ndugu zake?"

"Tunafanya naye kazi," bosi akajibu.

"Kazi gani?"

Bosi akatoa simu yake, akaiweka mapajani mwangu, akanishikia mkono usiruke.

Nilichapa karibu dakika tano. Walisubiri wote. Niliandika: "Nina akili timamu. Nimekaa hapa siku tisa na hakuna aliyeniuliza swali hata moja."

Msimamizi akasoma. Akavuta kiti, akakaa.

"Kaka yake amefanya unyama," fundi akasema.

"Aliyeomba aletwe hapa si kaka yake," msimamizi akasema taratibu. Akafungua faili, akatoa karatasi.

Ilikuwa imeandikwa kwa mkono. Herufi kubwa, zimepinda kama za mtoto wa darasa la kwanza. Sikuutambua mwandiko, kwa sababu barua zote za mtu yule nimekuwa nikimchapia mimi.

"Moyo wangu umepanuka. Nimekatazwa kuinua kitu kizito. Nina mtoto ambaye hawezi kujiinua. Naomba mumpokee nikiwa bado hai."

Chini yake: jina la Mama Cherehani.

Kaka tulimpigia pale pale. Alisema, "Aliniapisha nisikwambie. Na kituo hakipokei mwenye akili zake, ndiyo maana nilisema vile." Kisha akakata simu. Mpaka leo sijui nimchukie kiasi gani.

Msimamizi akaniruhusu niondoke. Nyumbani nilimkuta Mama Cherehani amelala, miguu imevimba. Wakanisogeza kando ya kitanda chake, wakatuacha wawili.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ningekwambia, ungeacha kunywa maji ili nisikupeleke chooni. Nakujua."

Ni kweli ningeacha.

"Nikifa usingizini," akasema, "asubuhi ungemwita nani? Mlango nafunga kwa ndani. Ungelala hapo ukiniangalia."

Akaanza kukohoa. Kikombe cha maji kilikuwa kwenye stuli, karibu na goti langu. Nikanyoosha mkono... ukaenda kwingine. Nikajaribu tena, nikakipiga, maji yote chini. Mtu aliyeninywesha miaka ishirini na miwili anakohoa mbele yangu, na mimi siwezi kumpa tone moja.

Nikamwita jirani kwa sauti. Ndicho pekee nilichoweza.

Sasa akina mama wa mtaa wamegawana siku za kuninyanyua. Walishangaa sana. Kila mmoja alidhani Mama Cherehani anaweza, kwa sababu hakuwahi kulalamika. Wapo wanaochelewa, na mimi nasubiri kitandani nikihesabu nyufa za ukutani. Kazini nimerudi. Mama Cherehani hatapona, daktari ametuambia wazi. Nakaa naye kila jioni, namsomea barua za watu, anacheka kidogo.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani usiyeubeba huuona mwepesi. Mimi nilikuwa huo mzigo, na sikuwahi kuuliza nina uzito gani.

Kama kuna mtu anakubeba, muulize leo kama anachoka. Na wewe unayebeba, ukiulizwa, sema kweli.