Chaki ya Bluu kwenye Droo

Droo ilikuwa wazi, bahasha tupu, na fomu ya chuo haipo.

Inspekta aliinama juu ya meza yake ya nyumbani. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa saa kumi jioni hiyo hiyo.

"Nani aliishika mara ya mwisho?"

"Mimi, saa kumi na mbili asubuhi. Niliisoma tena nikairudisha," alijibu binti yake. "Baba, usiguse kishikio!"

Miaka ishirini na miwili kazini, na leo anafundishwa kulinda eneo la tukio na mtoto ambaye yeye mwenyewe alimfunga kamba za viatu. Alikunja uso, ingawa moyoni alichekelea.

"Mjomba wako alilala hapa. Yule ana mkono mrefu."

"Aliondoka alfajiri, kabla sijaisoma. Tazama hapa."

Kwenye kishikio palikuwa na unga laini wa bluu. Binti aliunasa kwa utepe wa gundi, akauinua dirishani.

"Chaki, Baba."

Inspekta aliijua chaki hiyo. Hakuna shati lake ambalo halikuwahi kuchorwa nayo.

Katika chumba cha pili, cherehani ilikuwa kimya. Mkewe, fundi nguo, aliketi mikono mapajani.

"Mama watoto, uliingia chumbani leo?"

"Usinihoji kama kibaka! Niliingia kufagia."

"Ufagio hauna chaki, Mama," binti alisema taratibu.

Mama alicheka, kisha machozi yakamlengalenga. "Haya, ni mimi. Miaka yote namsubiri baba yako. Simu ikilia, roho mkononi. Nikaona sasa nitasubiri wawili."

Inspekta hakuwahi kuambiwa hivyo.

Binti aliketi sakafuni, karibu na magoti ya mama yake. "Nikisoma sayansi ya uchunguzi peke yake, nitajua damu ni ya nani, lakini mahakamani nitababaika. Nikisoma haki jinai peke yake, nitategemea midomo ya watu. Ndiyo maana nataka zote mbili, katika shahada moja."

"Na hatari?"

"Ipo, Mama, sikudanganyi. Ila kila siku utajua niko wapi."

Mama akachomoa fomu chini ya vitambaa, akainyoosha kwa kiganja, akainuka kutafuta viatu.

"Twendeni wote chuoni. Huyo atakayempokea mwanangu, nataka nimwone usoni."