Mapatano ya Dawati la Tatu

Kila asubuhi Triza Nafula alikuwa wa pili kuamka nyumbani kwao. Wa kwanza alikuwa mama yake, aliyewasha jiko nje ya mlango kukiwa bado na giza. Triza alibeba mtungi, akapanga foleni kwenye mfereji wa mtaa wa Makongeni, akarudi na maji, kisha akamwamsha kaka yake Patrobas. Chumba kilikuwa kimoja na watu walikuwa sita. Patrobas alilala chini ya meza, miguu ikitokeza upande wa pili. Triza hakumwita kwa jina. Alimgusa kidole gumba cha mguu mara mbili, ili wadogo wao wasishtuke usingizini.

Mwaka huo wa 1994 Patrobas alikuwa Darasa la Nane, na mtihani wa mwisho ulikuwa Novemba. Triza alikuwa Darasa la Saba. Jioni wote wawili walisomea mezani, penye koroboi moja. Mama alipohitaji kupika, koroboi ilihamia jikoni, na watoto walikaa gizani wakingoja ugali uive.

Shuleni, siku aliyoipenda Triza ilikuwa Ijumaa. Darasa lilikuwa na wanafunzi hamsini na wawili, na Mwalimu Apondi, aliyehamia shule hiyo muhula huo, alifundisha madarasa mengine mawili. Hakuweza kusahihisha insha zote peke yake. Basi aliweka desturi: kila Ijumaa wanafunzi walibadilishana madaftari na jirani wa dawati. Kila mmoja alipiga mstari wa penseli chini ya makosa ya mwenzake, akaandika idadi yake pembeni, na kutia jina lake mwenyewe kama shahidi.

Triza alikaa dawati la tatu pamoja na rafiki yake Mukai. Wiki ya kwanza tu walikuwa wamefanya mapatano.

"Usinione, nisikuone," Mukai alinong'ona.

"Matatu kila wiki," Triza akajibu. "Tukiandika sufuri atashtuka."

Wakawa wanapata makosa matatu, mara chache manne. Kwa kweli waliandika kama walivyozungumza mferejini: kitabu yangu, watu mingi, alafu, ata, ivyo. Herufi kubwa walizitia pale zilipopendeza, na nukta waliziweka mahali walipochoka.

Nyuma yao alikaa Opicho, mvulana mwembamba wa mtaa wa Mbotela. Yeye alipiga mstari chini ya kila kosa bila kumhurumia mtu. Jirani yake alipata makosa ishirini na tano, na Opicho akaandika ishirini na tano. Darasa lilimpa jina la Karao, kwa kuwa alikamata nukta zilizopotea kama askari anavyokamata wezi. Wakati wa githeri ya mchana watu walihama benchi alipokuja kuketi.

"Karao, chunga," Triza alimwambia siku moja mbele ya wengine. "Githeri yako ina mahindi mengi kuliko maharagwe. Ipigie mstari."

Wote walicheka. Opicho alitazama sahani yake, akala.

Mwishoni mwa Septemba Mwalimu Apondi alileta habari. Ukumbi wa mtaa, wenye taa nane za umeme na meza ndefu, ulikuwa unafungwa kila jioni. Afisa wa ukumbi, Bi. Ndindi, alikuwa tayari kuwaachia wanafunzi wausomee mpaka saa mbili usiku, lakini alitaka barua, na alitaka iandikwe na wanafunzi wenyewe. Mwalimu alifungua orodha yake ya Ijumaa. Jina lililokuwa na makosa machache kuliko yote lilikuwa la Triza.

Darasa lilipiga makofi. Triza alisimama, moyo ukimdunda kwa furaha. Aliwaza taa nane, akamwaza Patrobas. Aliandika barua hiyo siku ileile na kuijaza ukurasa mzima. Mukai aliisoma, akasema ni tamu. Kwa kuwa Mwalimu alimwamini Triza, aliifunga katika bahasha bila kuisoma, akaipeleka.

Ijumaa iliyofuata barua ilirudi.

Mwalimu hakusema ni nani wa kulaumiwa. Alisimama mbele ya darasa, akaanza kuisoma kama ilivyoandikwa: "sisi wanafunzi tunaomba ukumbi iyo kwasababu nyumba zetu ni ndogo na watu ni mingi alafu taa ni moja ata mama akipika tunakaa ivyo tu..." Aliendelea bila kupumua, maana hapakuwa na nukta ya kupumulia. Kufika katikati ya ukurasa alishika dawati na kukohoa. Watoto walianza kucheka, kisha wakaacha, maana walimwona Triza.

Chini ya barua Bi. Ndindi alikuwa ameandika kwa wino wa buluu: "Mnaomba mahali pa kusomea, lakini barua yenyewe haisomeki. Sikuweza kujua mnataka siku zipi wala kuanzia saa ngapi. Kilabu cha ndondi nacho kimeomba ukumbi huu. Nileteeni barua nyingine kabla ya Jumatatu saa sita mchana. Isipofika, nitawapa wao."

Mwalimu alimwuliza Triza kilichotokea, kwani daftari lake lilionyesha makosa matatu kila wiki. Triza alisema aliandika kwa haraka. Aliposema hivyo, Mukai aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa dawati.

Jioni ile Triza alimkuta Patrobas ameketi mlangoni, kitabu kimeelekea magharibi. Kila jua liliposogea, naye alisogeza kigoda. Mwishowe kulibaki ukanda mdogo wa mwanga ukutani, upana wa daftari. Patrobas alimwona dada yake, akainuka.

"Keti hapa wewe," alisema. "Mimi nimeshasoma kidogo. Nasikia una barua ya kuandika upya."

Hakumlaumu. Hata hakumwuliza imekuwaje. Triza aliketi kwenye ule mwanga, akaishika kalamu, na hakuweza kuandika neno. Hakujua makosa yake yalikuwa wapi. Hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Jumamosi asubuhi alimchukua Mukai, wakavuka kwenda Mbotela. Njiani Mukai alisema Karao atawafukuza, tena ana haki. Triza alisema akiwafukuza watarudi saa tisa.

Mama yake Opicho aliwafungulia. Alipowaona wamesimama mlangoni wakiminya vidole, aliondoa nguo alizokuwa akikunja kitandani ili wapate pa kuketi, akawamiminia chai kabla ya kuuliza wamefuata nini. Opicho alikuwa mezani, amezungukwa na karatasi kubwa zilizochapwa, zenye alama nyekundu pembeni.

"Opicho," Triza alisema akimwekea mezani barua iliyorudishwa, "nimekuja unipigie mstari. Yote. Usiniachie hata moja."

Opicho aliivuta barua karibu. "Utalia?"

"Labda. Wewe endelea tu."

Alichonga penseli, akaanza. Alikuwa akipiga mstari mwembamba sana, mwepesi, unaoweza kufutika bila kuacha alama. Triza aliona hilo na akaona haya, kwa kuwa siku zote alidhani Opicho hupiga mistari kwa ubaya. Opicho alipomaliza, aliandika pembeni: thelathini na moja. Mukai alitoa daftari lake pia, bila kuulizwa.

Triza alimwuliza ni nani aliyemfundisha kuona makosa namna hiyo. Opicho alieleza kwamba baba yake alibeba karatasi katika kiwanda cha uchapaji kule Industrial Area, na alileta nyumbani zile zilizoharibika. Kiwandani palikuwa na desturi yake. Kabla mashine haijawashwa, karatasi ya kwanza ilibandikwa ukutani, na kila mtu aliyepita aliitazama, hata mfagiaji. Aliyegundua kosa alinunuliwa mandazi na msimamizi.

"Kwani wanamshukuru?" Mukai aliuliza. "Hawamkasirikii?"

"Wamkasirikie kwa nini? Mashine ikishaanza kuzunguka, kosa moja ni karatasi elfu tano." Opicho alitabasamu kidogo. "Baba hajui kusoma sana, lakini aliwahi kula mandazi. Picha ya waziri ilikuwa imewekwa kichwa chini."

Walicheka wote watatu, na mama yake Opicho akacheka pia akiwa jikoni.

Kisha kazi ikaanza. Opicho hakuwaandikia barua. Aliwaeleza kosa moja moja, nao wakasahihisha kwa mikono yao. Waliisoma sentensi kwa sauti, na mahali pumzi ilipotaka kutua, wakaweka nukta. Walirudisha kila herufi ya "h" iliyotupwa. Wakaulizana: afisa anataka kujua nini kwanza? Ni akina nani, wanaomba nini, siku zipi, saa ngapi, na nani atafunga mlango. Waliandika upya mara tano. Ya sita Opicho aliisoma mara mbili, akarudia mara ya tatu akianzia mwisho kwenda mwanzo, na hakupiga mstari wowote.

"Sasa washa mashine," alisema.

Jumatatu asubuhi Triza alimfuata Mwalimu Apondi kabla ya kengele. Barua ilikuwa mkononi, safi, lakini hakuitoa kwanza. Alisema kwamba hakuandika kwa haraka. Alieleza mapatano ya dawati la tatu tangu wiki ya kwanza, akasema nafasi ya kuandika barua hakuipata kwa haki, na jina lake lisiwekwe. Mukai, aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango, alitokea na kusema yeye ndiye aliyeanza.

Mwalimu aliomba barua, akaisoma akiwa amesimama.

"Ni nani aliyewasaidia?"

Walimtaja Opicho.

"Basi mtaweka majina yote matatu," alisema Mwalimu. "Na mtaipeleka wenyewe, ninyi watatu. Saa sita haiko mbali."

Bi. Ndindi alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi shingoni. Alisoma kwa sauti, polepole, akipumzika kila palipokuwa na nukta. "Sisi ni wanafunzi wa Darasa la Saba na la Nane. Tunaomba ukumbi kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku. Nyumba zetu ni ndogo, na taa moja hutumiwa na watu sita." Alipofika hapo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alimaliza barua yote, akaichunguza kama mtu atafutaye chawa kwenye shuka jeupe. Hakupata kitu.

"Hii inasomeka," alisema. "Kilabu cha ndondi nitawapa Ijumaa na Jumamosi. Zilizobaki ni zenu."

Mukai alimshika Triza mkono, akauminya mpaka ukauma.

Bi. Ndindi alichukua karatasi papo hapo, akaandika tangazo la kubandika mlangoni, akawapa waende nalo. Triza alilisoma. Opicho alilisoma pia, na akakohoa. Tangazo lilisema: "Wanafunzi wote anakaribishwa." Watoto walitazamana. Ni nani angemwambia afisa, naye ndiye ameshika ufunguo? Triza alikumbuka ile mistari myembamba ya penseli. Alisogea karibu na meza ili wengine ofisini wasisikie.

"Shikamoo tena, Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Ni herufi moja tu hapa. Nadhani kalamu iliteleza."

Bi. Ndindi alitazama. Uso wake ulikaza, kisha ukalegea, akacheka mpaka miwani ikaanguka kifuani. Alirekebisha neno lile, akafungua droo, akatoa mandazi mawili yaliyofungwa kwa karatasi, chakula chake cha saa nne alichokuwa hajakila.

"Asante," alisema. "Ningelibandika, mtaa mzima ungenicheka. Gaweni."

Opicho alibaki ameyatazama yale mandazi. Hakuna aliyekuwa amemweleza Bi. Ndindi habari za kiwandani. Aliyagawa kwa uangalifu, na kipande kikubwa akampa Triza.

Jumatatu iliyofuata, saa kumi na moja jioni, taa nane ziliwaka. Walikuja watoto sitini na zaidi, wengine wamebeba vigoda vyao kwa hofu kwamba viti havitatosha. Mama yake Triza alifika akiwa bado na unga mikononi, akaona watoto wameinamia vitabu chini ya mwanga ule wote, akapiga vigelegele mlangoni. Kina mama wenzake walimwitikia kutoka barabarani. Patrobas alikuwa meza ya mbele. Kwa mara ya kwanza mwaka ule hakusogeza kiti.

Kilabu cha ndondi nacho kilipita kwenda mazoezini uwanjani. Vijana walichungulia, na mmoja akavua kofia.

Mwalimu Apondi alisimama kabla ya watoto kuanza kusoma. Aliwaita Triza, Mukai na Opicho mbele, na makofi yakadumu mpaka akainua mkono.

"Wanangu," alisema, "anayeficha kosa lako anakupendeza leo, na kesho unaumbuka peke yako mbele za watu. Anayekuonyesha kosa lako kwa upole amekupa kazi ya kufanya na muda wa kuifanya. Na ukishajua kuonyesha, onyesha kama ungependa kuonyeshwa. Mimi pia nimejifunza: kuanzia sasa nitapitia madaftari kumi kila Ijumaa mwenyewe."

Ijumaa hiyo Mukai alisoma insha ya Triza kwa makini, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo. Alipiga mistari, akahesabu, akahesabu tena, akaandika kumi na moja na kutia jina lake.

Triza aliyatazama yote kumi na moja.

"Asante," alisema, akachukua kifutio.

Wakati wa githeri, benchi la Opicho lilijaa mpaka yeye mwenyewe akakosa pa kuketi. Triza alisogea, akampisha.