Dakika Kumi na Moja za Mama Rosine

Grâce alinyamaza katikati ya neno, Jumatatu asubuhi, kipande cha mkate mkononi, na mama yake Naomie akamshukuru Mungu. Ndiyo, alishukuru! Mtoto wa miaka mitano anayeongea toka jogoo awike mpaka kuku walale, nawe una kazi ya haraka, utaacha kushukuru?

Kazi yake Naomie ilikuwa video. Chumba cha mbele cha nyumba yake, pale mtaani Kabondo, ndicho kilichokuwa studio, na asubuhi hiyo alikuwa amepata mfanyakazi asiyechoka: msaidizi wa akili bandia ndani ya kompyuta. Unamwandikia amri, anakata na kuunganisha picha peke yake. Diski ilikuwa imejaa, wateja hawana subira. Basi, dakika chache kabla Grâce hajanyamaza, alikuwa amemwandikia: pitia video zote, harusi, ubatizo, matanga, kila mahali watu wamenyamaza, kata, weka mpya mahali pa zile za zamani. Haraka haraka haina baraka, lakini umeme ukiwepo nani anakumbuka methali? Video mia mbili zilikwisha sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, ikiwa bado jikoni.

Hadi jioni Grâce hakuwa ametamka neno. Alikula, alicheza, alicheka bila sauti. Jumanne vilevile. Muuguzi akammulika kooni, akasema koo ni safi kabisa.

Jumatano nyumba ikaanza kunuka samaki wa moshi. Nani alikuwa amepika samaki? Hakuna. Samaki wa moshi walikuwa biashara ya Mama Rosine, mama yake Naomie, na Mama Rosine walikuwa wamemzika miezi mitatu nyuma. Naomie akafungua madirisha, akamwaga maji ya sabuni sakafuni, na alipoinama kukamua kitambaa akasikia kikohozi, kikavu, mara mbili, kisha koo likikwaruzwa taratibu kama la mtu anayejiandaa kusema jambo, na akajiambia ni jirani, ni jirani tu, huku miguu yake ikimpeleka yenyewe chumbani, ambako hapakuwa na jirani wala mtu mzima yeyote, ila Grâce ameketi kitandani kwa mkao wa bibi yake, mgongo umepinda, viganja juu ya magoti, akimtazama mlangoni kama aliyekuwa akimngoja tangu zamani.

Naomie alipiga ukelele mtaa mzima ukasikia.

Dada yake mkubwa, Berthe, akaja na Mwalimu Ismaël, mzee wa Maniema ajulikanaye kwa kufukuza majini. Mwalimu akachoma ubani, akasoma, akaweka sikio kifuani pa mtoto. Mara akaacha kusoma.

"Huyu haiko jini," alinong'ona. "Jini ningemufukuza. Huyu ni mutu wenu."

Berthe akamgeukia mdogo wake. "Naomie. Video ya matanga ya mama iko wapi?"

Katika ukoo wao, wakitoka kuzika, watoto huketi mkekani kuzunguka beseni la maji ya mto, kimya, hadi maji yatulie. Ndani ya kimya hicho ndimo marehemu humpa kila mtoto neno lake la mwisho, moyoni. Kimya cha Mama Rosine kilichukua dakika kumi na moja. Wote waliketi isipokuwa Naomie. Yeye alisimama nyuma ya kamera. Alisema ataketi na ile video baadaye, akipata nafasi. Hakuipata.

"Iko, yaya," akamwambia dada yake. "Lakini imekatwa."

"Imekatwa na nani?"

"Mashini."

"Na mashini nani aliituma? Miye?"

Mwalimu akashusha pumzi. "Mama yenu alikuwa anakungojea ndani ya ile kimya. Ukamutosha inje. Alitafuta kimya ingine, akaikuta kwa mutoto. Bon, rudisha ile kimya yake, atatoka."

Naomie alikimbilia kompyuta, akatafuta, akaandika, akabembeleza mashine kama mtu anavyombembeleza mtu. Msaidizi akamjibu kwa adabu: video za zamani hazipo tena. Kisha akaongeza: *Naweza kukutengenezea kimya kinachofanana. Dakika kumi na moja?*

Na Naomie, Mungu amsamehe, akakubali.

Wakatandika mkeka, wakaweka beseni la maji ya mto. Kwenye kioo cha kompyuta watu wa matanga walikaa kimya, macho chini, hata aliyekuwa akifuta machozi alionekana. Safari hii Naomie aliketi. Alingoja neno lake hadi maji yakatulia, kisha dakika ya mwisho ikapita bila neno lolote.

"Hamuna mutu ndani," akasema Mwalimu, akaanza kukusanya vitu vyake.

Hapo Grâce akafungua mdomo. Sauti ilitoka nzito, ya mwanamke mzee, wala haikuwa na hasira.

"Maliza kazi yako kwanza, Naomie. Miye nitakungojea hapa."

Akaufunga. Mpaka leo mtoto yule hajatamka neno lingine.